Pua ya Mzee wa Gundi

Lori letu lilitoboka tangi kwenye njia ya kutoka Diff kwenda Wajir. Hiyo ni zamani, mimi bado taniboi, msaidizi wa dereva, nina nywele na nina magoti. Tumepakia mbuzi, juu ya mbuzi magunia matupu, juu ya magunia abiria. Jiwe likaruka likapiga tangi kwa chini, dizeli ikaanza kudondoka mchangani. Dereva akashuka, akalala chali kutazama, hata hakutukana. Akasema tu, "Leta sabuni."

Vijana wa leo hawalijui jambo hili. Kipande cha sabuni ya kufulia ukikilainisha vizuri, ukakisokomeza kwenye tundu la tangi, dizeli haikiyeyushi, kinakaa hapo hapo. Sasa kulainisha kwa kitu gani? Maji tuliyokuwa nayo ni ya kunywa. Dereva akaniambia, "Tafuna." Nikatafuna sabuni, wallahi, nikaitafuna kama ng'ombe anayecheua, povu linanitoka puani, na mama mmoja juu ya mzigo anacheka mpaka anashika kamba asianguke. "Waryaa, kijana," anasema, "ukimaliza hiyo nina nguo zangu hapa, uzitafune pia."

Tangi tuliliziba, tukafika Wajir salama. Lakini pale nilipokuwa natafuna, sabuni iliingia kwenye gego langu la nyuma, ikachoma mpaka machozi yakanitoka, ndipo nikajua kumbe na mimi nimetoboka. Tundu langu hakuna aliyeliziba. Niliishi nalo miaka. Nililitia karafuu, nililitia tumbaku, mjinga mmoja wa Eldas alinishauri petroli na mjinga mwingine, yaani mimi, akajaribu. Nilipoacha malori na kuhamia Garissa kwa binti yangu, gego likaamka upya, nikawa nakula kwa upande mmoja kama mbuzi mgonjwa. Binti yangu akachoka na kilio changu, akasema, "Aabo, nenda nyuma ya soko la mifugo. Kuna mzee pale."

Hivyo ndivyo nilivyomjua.

Kila mtu alimwita Mzee wa Gundi, na mimi nitamwita hivyo. Jina lake nalijua, ukoo wake naujua, lakini havihusiki. Alikuwa na nguzo nne, mabati mawili, benchi moja, jiko la makaa, na mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa mweusi ndani na nje. Ndani ya mkebe ndimo ilimokaa kazi yake.

"Fungua," aliniambia siku ile. Nikafungua.

"Subhanallah. Humu umefuga nini?"

"Sabuni, adeer." Nikamwita ami kwa heshima, nikamweleza habari ya tangi.

Akapuliza makaa yake kwanza. "Watu wanakula sukari wanaoza meno. Wewe umekula sabuni. Basi tumbo lako ndilo safi kuliko la kadhi." Tangu siku ile akaniita Taniboi, mpaka ya mwisho.

Gundi yenyewe watu wengi huichanganya na nta. Si nta, na si asali. Nyuki wana kitu cha tatu: utomvu wanaoukwangua kwenye miti, wakautafuna, wakapaka nyufa zote za mzinga. Wavuna asali wa kando ya Mto Tana walikuwa wakiutupa, unang'ang'ania kisu. Yeye akawaambia wasiutupe, wamletee. Ni mweusi, mchungu, ukiupasha moto unanukia kama ubani uliochanganywa na lami. Alipenda kueleza kwamba panya akiingia mzingani akafa humo, nyuki hawana nguvu za kumtoa, basi wanampaka gundi mwili mzima, akauke pale pale asiwaozee. Aliisimulia habari hii mara nyingi sana, na mimi niliifurahia kila mara. Siku hizi siifurahii.

Kazi ilikuwa hivi. Anachukua mwiba wa mgunga, anaviringisha pamba kwenye ncha, anauingiza ndani ya tundu la jino lako pole pole, "bole bole," alivyokuwa akisema. Anautoa. Halafu anaupeleka puani, anafumba macho.

Benchi zima lilinyamaza alipofumba macho. Hata mbuzi wa soko, ungesema.

Akifumbua na kusema, "Kavu," umepona. Anachanganya gundi na nta juu ya makaa, anavingirisha kijiuzi kati ya vidole, anakishindilia kwenye tundu, anakwambia uume. Baridi haiingii tena, chai haichomi, unalala. La kwangu lilidumu kutoka Ramadhani hadi Ramadhani, kisha akalifanya upya. Lakini akisema, "Kuna mtu ndani," yaani amenusa usaha, hapo hakuna maneno. Haizibi. Hata uwe nani. Anakwambia nenda hospitali leo, usipitie nyumbani.

Alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa ngamia, mtu mnene, alikataa kwenda. "Ziba tu, mzee, nina safari."

"Kuna mtu ndani. Nikifunga mlango, atatokea wapi?"

"Nimekwambia ziba!"

"Atatokea shingoni, adeer. Mlango wa kuja tena hapa hutauona." Akaendelea kupuliza makaa, kama yule bwana ameshaondoka. Na kweli akaondoka, akaenda hospitali, akarudi baada ya wiki bila jino na bila kiburi, na mguu wa mbuzi mkononi.

Huyo ndiye mzee. Pua yake ndiyo ilikuwa dawa. Gundi hata mtoto angeweza kuipasha moto.

Asali aliitumia kwa ufizi unaotoka damu. Kwanza unapiga mswaki kwa kijiti kilicholowekwa kwenye maji ya gundi, halafu anakupaka asali kidogo kwa kidole, unakaa nayo kama muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha unasukutua kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Ukilala na asali mdomoni anakufukuza siku inayofuata. Alikuwa anajua, sijui anajuaje. Na watoto wachanga, wasiotimiza mwaka, asali hakuwapa hata tone. Kwa hilo aligombana na bibi wote wa Garissa. Wanakuja na mtoto anaota meno, wanataka ampake asali, yeye anafunika mkebe kwa mikono miwili kama kuku na mayai yake. "Huyu? Huyu hata hajajua njaa ni nini. Mrudishe kwa mama yake." Bibi mmoja alimwita mchoyo mbele ya watu. Akasema, "Sawa, mchoyo," na mkebe haukufunuka.

Ramadhani moja, adhuhuri, aliletwa dereva wa bodaboda anayelia kama mtoto. Jino kavu, la kuzibwa. Lakini gundi ikiyeyuka inateremka kooni, na kijana amefunga. Mzee akamwambia, "Una ruhusa ya mgonjwa. Vunja saumu, nikuzibe." Kijana akakataa kuvunja. Mzee akakataa kuziba. Wakakaa hapo, mmoja analia, mwingine anatazama jua, mpaka adhana ya magharibi. Mzee akamtia tende mkononi na gundi mdomoni kwa wakati mmoja. Mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa mkaidi zaidi.

Na mtu huyo, mlinzi wa vinywa vya watu, mdomoni mwake alikuwa na meno manne. Manne! Na chai yake ilikuwa na sukari mpaka kijiko kinasimama. Ukimuuliza anasema, "Mimi ni kama askari aliyekanyaga bomu. Nimeshaharibika, kazi yangu ni kuwaonya nyinyi." Kisha anaomba sukari tena.

Nisipoisimulia pua yake vizuri nitakuwa nimeiba. Wake zetu huku hufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa vijiti, na kila mwanamke ana mti wake. Mzee wa Gundi akinusa kibuyu kilichofunikwa anakwambia maziwa haya ya ngamia, kibuyu kimefukizwa kwa mti fulani, kimefukizwa na mtu fulani, na leo amekasirika, ameharakisha moshi. Tulimjaribu sana, mimi nikiwa kiongozi wa majaribio. Hakukosea.

Halafu ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima, wa barakoa. Mzee aliugua wiki tatu. Akapona, akarudi kwenye benchi, amekonda, watu wakamshukuru Mungu. Mimi pia.

Siku moja, kwa utani wetu ule ule, nikamletea maziwa. Lakini asubuhi ile binti yangu hakuwa na kibuyu, maziwa yalikuwa kwenye jerikeni ya plastiki, ya juzi, yameanza kuharibika. Nikafunika kwa kitambaa nikamsogezea. Akainama, akafumba macho. Akasema, "Mashallah. Binti yako amefukiza vizuri leo."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Kisha nikamwona usoni, nikaacha kucheka.

Nyuma yake nta ilikuwa imewaka kwenye jiko, moshi mweusi unapanda, mimi nakohoa, yeye ametulia. Aligeuka pale tu macho yalipomwasha. Akauzima moto kwa mchanga. Akarudi akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikudhani anazo.

"Taniboi. Tangu lini unajua?"

"Tangu sasa hivi."

"Itarudi. Daktari amesema kwa wengine inarudi."

"Na wagonjwa?"

"Naangalia rangi ya pamba. Nawauliza ladha ya mdomoni mwao. Wenye shaka nawapeleka hospitali wote." Akaniminya mkono. "Usiseme."

Sikusema. Nilijiambia ni heshima. Mtu mzima, kila siku watu wanamtegemea, umvue nguo sokoni? Na kwa miezi ilienda sawa. Aliziba wachache, akatuma wengi hospitali, watu wakasema mzee amekuwa mwoga siku hizi. Bado alipeleka pamba puani. Bado alifumba macho. Mimi nilikaa kwenye benchi lile nikitazama nyonga za ngamia zinavyopita, nikigeuza uso kila mwiba unapotoka kinywani mwa mtu.

Sasa Hodan. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, kidato cha nne. Jino lilimwanza wiki moja kabla ya mtihani.

"Awoowe, nipeleke hospitali."

"Hospitali utapanga foleni siku nzima, na masomo? Twende kwa mzee."

"Yule mzee wako wa nta? Awoowe, mimi si tangi la lori."

Nilicheka, nikampeleka. Nilimpeleka mimi mwenyewe, na nilikuwa najua ninalojua. Nikijiuliza kwa nini, majibu ni mengi na hakuna hata moja linalosimama. Alikuwa rafiki yangu. Nilitaka aonekane bado ni yeye. Na labda nilitaka nionekane mimi, mtu mwenye mzee wake.

Benchi lilikuwa limejaa watu watano. Mzee akamtazama Hodan, akamuuliza ladha, naye akasema hakuna ladha mbaya. Akaingiza mwiba. Akautoa. Pamba ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, si nyeupe, si chafu. Akaipeleka puani, akafumba macho.

Alipofumbua alinitazama mimi. Kisha mkono wake ukaja upande wangu, na ile pamba, pole pole, mpaka karibu na uso wangu. Alikuwa ananiomba ninuse. Ningeinamisha kichwa tu kidogo. Kidogo hivi.

Watu watano wananitazama. Nikasema kwa sauti, "Mzee, mimi ni taniboi, wewe ndiye fundi," na nikausukuma mkono wake urudi. Watu wakacheka.

Akabaki na pamba hewani. Halafu akasema, "Kavu." Akaziba.

Siku ya kwanza Hodan alilala vizuri, akaniambia, "Awoowe, samahani, mzee wako ni noma." Siku ya pili shavu likavimba. Siku ya tatu asubuhi jicho lilikuwa limefungwa, mdomo haufunguki hata kupitisha kijiko, na mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Binti yangu alipiga kelele majirani wakaja. Tulimbeba kwa tuktuk, kichwa chake kifuani kwangu, nasikia pumzi yake inavyopita kwa shida, kama mtu anayepuliza kwenye mrija uliobanwa.

Daktari wa meno alikuwa kijana wa kike, kimo kama cha Hodan. Akamulika taa. "Nani amefunga hapa?"

Nikaangalia sakafu.

"Nauliza kwa sababu usaha umefungiwa ndani. Umeshateremka chini ya taya. Ukifika shingoni zaidi ya hapa, hatapumua. Tunafungua sasa, na kama uvimbe hautapungua mpaka alasiri, anapelekwa Nairobi, na njia ni ndefu." Akaingia naye ndani, mlango ukafungwa.

Mzee wa Gundi alikuwa ameshafika. Sijui nani alimwambia. Kulikuwa na kivuli cha kutosha barazani, lakini alisimama kwenye jua katikati ya uwanja, kichwa wazi, fimbo mkononi. Binti yangu akamwendea.

"Eeh, mzee! Umefurahi? Mtoto wangu amevimba kama maiti! Si ulinusa? Si wewe unayenusa?"

"Sikunusa, hooyo," akasema. Alisema kwa sauti ambayo baraza nzima ilisikia. "Pua yangu imekufa tangu ule ugonjwa. Nimewaficha. Mimi niliziba jino la mtoto wako na sikujua lina nini ndani."

Binti yangu akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Mzee akayumba, akasimama tena pale pale. Majirani wakaanza maneno: mchawi, tapeli, muuaji. Yeye anaitikia tu kwa kichwa. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilingoja anigeukie, aseme, na huyu hapa alijua, muulizeni huyu. Nilikuwa nimeshatayarisha kukanusha, Mungu anisamehe, maneno yalikuwa yamekaa mdomoni tayari.

Hakunigeukia. Hata kunitazama, hakunitazama.

Tulisali adhuhuri. Alisali peke yake, kwenye mchanga wa moto. Kila mlango ulipofunguka shingo zetu zote zilinyooka. Muuguzi anatoka na karai, anapita. Anatoka na kitambaa, anapita. Binti yangu anauliza, anaambiwa ngoja. Jua likageuka. Karibu na alasiri daktari akatoka akavua glavu, akakaa kwenye ngazi kwanza, kabla ya kusema, na mimi nikadhani basi, imekwisha.

"Usaha umetoka mwingi," akasema. "Jino tumeling'oa. Anameza. Ameomba maji."

Watu wakalia, wakashikana. Nilipotazama uwanjani, mzee alikuwa amekaa chini, hapo hapo juani, ameweka paji la uso juu ya fimbo.

Kibanda chake hakikufunguliwa tena. Wiki zikapita. Hodan alikosa karatasi mbili za mtihani, akafanya zilizobaki akiwa na bendeji. Nyumbani jina la mzee halikutajwa. Binti yangu alipokuwa akimlaani, mimi nilikuwa naangalia kikombe changu.

Ndipo akaja. Ilikuwa mchana, tumemaliza kula. Alibisha geti kwa fimbo, akatoa salamu, akabaki nje mpaka binti yangu aliposema, "Ingia." Alikuwa na ule mkebe mkononi.

Akamwambia Hodan, "Mwanangu, naomba nione. Sitagusa dawa yoyote."

Hodan akanitazama, kisha akafungua mdomo. Mzee akatoa mwiba na pamba mpya kutoka mfukoni, akagusa pale jino lilipokuwa, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye jicho. Akautoa. Nikaona mkono wake unapanda kwa mazoea kuelekea puani, ukasimama njiani. Kisha ukaja kwangu, kama siku ile.

"Nusa, Taniboi."

Binti yangu akaacha kukusanya sahani.

Nikainama. Nikafumba macho, sijui kwa nini, labda kwa sababu yeye alifumba. Nilinusa chumvi. Nilinusa pamba. Hakukuwa na kingine chochote.

"Kavu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi." Akaitupa pamba kwenye makaa ya jiko letu. Akaweka mkebe juu ya magoti yangu, bado una joto la mkono wake. Nilitaka kusema, mbele ya binti yangu na mbele ya Hodan, kwamba mara ya kwanza aliniomba hivi hivi na nikamsukuma mkono. Nilifungua mdomo.

"Usiseme," akanong'ona, akatabasamu kwa meno yake manne.

Na mimi, kwa mara nyingine, nikatii.

Hodan ndiye aliyenigeukia. "Awoowe, kwa nini amekupa wewe unuse? Siku ile pia si alikuletea..." Hakumaliza. Alikuwa ananitazama, na aliendelea kunitazama, mpaka nikamwambia yote, pale pale, mkebe magotini. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameshatoka, geti liko wazi. Nikatoka mbio, mbio za magoti yangu haya. Nilimwona mbali, ameshapita lori la mwisho kwenye soko la mifugo, anatembea na fimbo yake pembeni mwa barabara ya Dagahaley. Nikaita jina lake, lile ambalo sijalitaja humu. Hakugeuka. Vumbi la lori likapita katikati yetu, na lilipotulia hakuwepo.

Hakurudi.